Busu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mambo ya busu watu hawayaulizi hadharani. Wanakuvuta pembeni, wanashusha sauti, wanaanza na "samahani, najua hili ni swali la kijinga." Si la kijinga hata kidogo. Maswali haya nimeulizwa na rafiki zangu, na wadogo zangu, na watu walioanza kupendana mwezi uliopita, na wengine walio kwenye ndoa mwaka wa ishirini. Karibu wote wamezoea kuliona busu kama mlango wa kupitia haraka kwenda chumba kingine. Mimi naamini hapo mlangoni pana mambo mengi mazuri ya kukaa na kuyafurahia. Majibu haya ni kwa watu wazima wawili wanaotakana.

Kwa nini busu lina raha kiasi hiki?

Anzia kwenye midomo yenyewe. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mashavu au ya mikono, haina tezi za jasho, na imejaa miisho ya mishipa ya fahamu. Katika karne ya 20 daktari wa upasuaji wa ubongo, Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alichora ramani inayoonyesha kila kiungo cha mwili kimetengewa eneo gani la ubongo la kupokea hisia. Kwenye ramani ile midomo, kwa udogo wake wote, imepata eneo kubwa kuliko kiwiliwili. Mtu akikugusa mgongoni kwa kidole kimoja unaweza usijue ni kidole au viwili. Akikugusa mdomo wa chini kwa ncha ya kidole hichohicho, unajua ni kidole, unajua kina joto au baridi, unajua na nia yake.

Ongeza hapo ujirani wa pua. Mnapobusiana kila mmoja anavuta pumzi ya mwenzake, anainusa ngozi yake, anaonja mate yake. Hakuna umbali mwingine unaokupa habari zote hizo kwa mpigo. Mwili nao unajibu: moyo unaenda mbio, kemikali ya mwili iitwayo dopamini inaleta hamu ya kuendelea, nyingine iitwayo oksitosini inaleta ule utulivu wa kuhisi uko mikononi salama. Ndiyo maana busu zuri linakuchangamsha na kukutuliza kwa wakati mmoja, jambo ambalo nadhani ni la ajabu na hatulistaajabii vya kutosha.

Kuna tofauti gani kati ya busu na denda?

Busu ni neno pana. Liko la shavuni, la kipajini, la mkononi, la mdomoni lililofumba, hata la hewani analorushiwa mtu akiwa anaondoka. Denda ni lile la midomo iliyofunguka na ndimi kukutana, lile ambalo watu husema "wanakula denda" au "wanakulana mate". Neno busu lenyewe lina ndugu mbali: Waajemi wanasema *buse*, na katika Kiarabu cha mitaani utasikia *bosa*. Jaribu kuyatamka yote matatu taratibu. Midomo inakutana kwanza, halafu inafunguka. Neno limeanza kubusu kabla ya mtu.

Sijawahi kumbusu mtu. Nianzeje?

Anza kwa kusogea, kisha usimame. Hapo kwenye kusimama ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wakishaamua kubusu wanaenda moja kwa moja kama wanaogopa basi litawaacha. Sogea mpaka uhisi joto la uso wake, halafu subiri kidogo. Ile nafasi ya vidole viwili kati ya midomo yenu ina raha yake. Pumzi zinagongana, jicho lake linashuka kwenye mdomo wako kisha linapanda tena. Akisogea yeye kuja kwako, hata kwa unywele mmoja, amekujibu.

Busu lenyewe liwe jepesi na fupi. Midomo ilegee, isikazwe wala isichongwe. Gusa, tulia hapo kwa pumzi moja, jitoe kidogo, umtazame. Kama ametabasamu au bado amefumba macho, rudi. La pili huwa zuri kuliko la kwanza, maana sasa mmeshafahamiana.

Na kama moyo unakudunda, mwambie. "Moyo unanidunda" ni maneno matamu sana kuyasikia kutoka kwa mtu anayetaka kukubusu.

Nitajuaje kama naye anataka? Nikiuliza si nitaharibu utamu?

Uliza. Nimeshawahi kuulizwa, kwa sauti ya chini, "Nikubusu?", na hadi leo nikikumbuka nasikia joto shingoni. Swali lile halikuharibu chochote. Lilinipa nafasi ya kutamani kabla ya kupata, na kutamani ni nusu ya raha.

Mwili nao husema, ila lazima uusikilize kwa uaminifu. Anayetaka husogea, hukaa, hukushika mkono bila kuuachia, hukutazama mdomoni. Asiyetaka hugeuza shavu, hukaza mabega, huweka mkono kifuani pako, au hukaa kimya bila kujibu kwa namna yoyote. Ukimya huo usiuhesabu kuwa ndiyo. Mtu aliyelewa hawezi kukupa ridhaa, wala aliyelala. Na aliyekubali jana ana haki ya kukataa leo, hata kama ni mkeo, hata kama ni mumeo. Akisema hapana, pokea kwa upole na mazungumzo yaendelee. Watu wengi wamerudi wenyewe kesho yake kwa sababu hapana yao iliheshimiwa.

Kichwa nikielekeze upande gani?

Kulia, ukiwa na wasiwasi. Mwaka 2003 mtafiti Onur Güntürkün wa Ujerumani alichapisha matokeo ya kuangalia jozi 124 za wapenzi wakibusiana kwenye viwanja vya ndege, stesheni, fukwe na bustani za Marekani, Ujerumani na Uturuki. Jozi 80 ziliinamisha kichwa kulia, yaani karibu theluthi mbili. Yeye aliihusisha tabia hiyo na jinsi mtoto anavyopendelea kugeuza kichwa kulia tangu wiki za mwisho tumboni mwa mama.

Mkigongana pua, chekeni. Kama una miwani, ivue taratibu huku unamtazama. Ishara hiyo imeshasema yote.

Macho niyafumbe au niyafumbue?

Yafumbe yakitaka kufumbika. Kwa umbali ule jicho halioni kitu zaidi ya ukungu wa sura, na ukilifumba akili yote inashuka kwenye midomo. Lakini siku moja moja, katikati ya busu la polepole, fumbua. Kumwona mtu unayempenda kwa karibu hivyo, kope zimetulia, kunyanzi ndogo kati ya nyusi imeondoka, ni zawadi. Naye akifumbua mkakutana macho, mtacheka ndani ya midomo ya mwenzako. Kicheko cha namna hiyo husikika mpaka mfupani.

Ulimi je?

Chumvi kwenye chakula. Anza bila kabisa. Midomo ikishazoeana na kufunguka yenyewe, ncha ya ulimi iguse mdomo wa chini, ijitoe, isubiri kujibiwa. Ukijibiwa, endelea kwa mwendo uleule aliokupa. Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, kutoka kwa wanawake na wanaume, ni ulimi ulioingia kwa nguvu, mgumu, hadi nyuma, kama unatafuta kitu kilichopotea. Ulegeze. Ucheze na ulimi wa mwenzako kama watu wawili wanavyoshikana vidole gizani, mara huyu anaongoza, mara yule.

Meza mate yako katikati. Ni jambo dogo lakini wengi hulisahau, na ndilo linalofanya denda liwe la majimaji kupita kiasi. Pumua kwa pua. Ukichoka, jitoe, ubusu kona ya mdomo, kisha urudi.

Mikono niiweke wapi?

Mahali inapoweza kusikiliza. Kiganja shavuni, vidole nyuma ya sikio, kinahisi taya linavyokaza na kulegea. Mkono nyuma ya shingo unamwambia mtu akae. Mkono mgongoni unamwambia asogee. Naupenda zaidi mkono mmoja usiofanya chochote, umelala tu kifuani pake, unahesabu mapigo. Kitu kibaya ni mikono iliyoning'inia kana kwamba midomo imekuja bila mwili.

Harufu ya kinywa inanitia hofu. Nifanyeje?

Harufu nyingi ya kinywa hutokana na bakteria wanaokaa nyuma ya ulimi na katikati ya meno, wanaotoa gesi zenye salfa. Kwa hiyo mswaki kwenye meno peke yake hautoshi. Sugua ulimi hadi nyuma, pitisha uzi katikati ya meno, kunywa maji ya kutosha, kwani kinywa kikavu hunuka zaidi. Ndiyo sababu asubuhi ni asubuhi kwa kila mtu, mate hupungua usiku. Harufu isiyoondoka licha ya usafi mwone daktari wa meno, huenda ni ugonjwa wa ufizi.

Ukishafanya hayo, achia. Mtu anayekupenda hatafuti kinywa chenye harufu ya dawa ya meno. Anatafuta chako.

Tunapenda kucheka sana tukibusiana. Ni kawaida?

Ni bahati! Nawaonea huruma wapenzi wanaobusiana kwa uzito wa watu wanaotia sahihi mkataba. Busu ni mchezo, na mchezo una sheria ndogo ndogo mnazozitunga wenyewe. Hii hapa michezo ninayoijua, mingine nimeicheza, mingine nimesimuliwa na watu walioicheza wakacheka wakiisimulia.

Kuna wa kuchelewesha. Mnakaribiana mpaka pumzi zinachanganyika, na anayebusu kwanza ameshindwa. Hakuna aliyewahi kujuta kushindwa mchezo huo. Kuna wa kuhamisha, ambapo mmoja anafumba macho na mwingine anabusu mahali asipotarajia: nyusi, kifundo cha mkono, ncha ya pua, nyuma ya sikio. Ukingoja bila kujua litatua wapi, ngozi yote inakuwa macho. Kuna wa kuandika, mnaandikiana herufi moja moja shavuni kwa ncha ya mdomo na mwenzako anasoma neno. Kuna wa kuiba: busu moja la haraka mwenzako akiwa katikati ya sentensi ya maana kabisa, kisha unamwambia, "Endelea, nakusikiliza." Na upo wa faini. Kila anayesema neno fulani jioni ile, neno la kawaida kama "simu" au "kesho", analipa busu. Mtashangaa jinsi neno hilo litakavyoanza kutajwa kila dakika.

Nilimwona rafiki yangu mmoja na mumewe wakikunja shuka jioni moja. Kila mkunjo unawaleta karibu, kona kwa kona, na kila wakikutana katikati wanagusana midomo, wanarudi nyuma, wanakunja tena. Hawakusema neno. Shuka la mwisho walilikunja mara nyingi kuliko linavyohitaji, mpaka likawa kama kitabu.

Mbali na mdomo, ni wapi kwingine pazuri?

Shingo, hasa ubavuni chini ya sikio, na huko pumzi inafanya kazi kuliko midomo. Kisogo, mtu akiwa amekupa mgongo na hakutarajia. Kiganja, kisha umfunge vidole juu ya busu alitunze. Kope zilizofumba, kwa wepesi wa kipepeo. Kipaji cha uso nacho kina lugha yake: mtu akikubusu hapo akakaa kidogo, unajua anakupenda hata siku ambazo huna cha kumpa.

Uliza pia mahali asipopapenda. Wapo wanaotekenyeka shingoni mpaka inakuwa kero, na wapo wasiotaka kuguswa masikio.

Tumeoana miaka mingi na mabusu yamebaki ya "kwaheri" na "umeamkaje". Yanarudi?

Yanarudi, na hayahitaji hoteli wala safari. Mtafiti wa ndoa wa Marekani, John Gottman, huwashauri wanandoa wawe na busu la sekunde 6 mkiagana na mkikutana tena. Nilipolisikia mara ya kwanza niliona sita ni chache. Nenda ukazihesabu.

Tulilijaribu mlangoni, mume wangu akiwa ndiyo kwanza ameingia na mfuko begani. Sekunde ya kwanza ilikuwa ile tuliyoizoea, kavu, mguso wa kutia tiki. Ya pili nikahisi anataka kujitoa, kwa mazoea tu. Ya tatu tukabaki, na ikawa ngeni kidogo, kama kukutana na mtu unayemfahamu mahali usipotegemea kumkuta. Ya nne mfuko ukateremka sakafuni. Ya tano mabega yake yakashuka, nikayahisi kwa viganja vyangu yanashuka, siku nzima ya kazi ikitoka mwilini mwake kwa pumzi moja ndefu puani. Ya sita sikuihesabu.

Si mambo ya hisia tu. Mwaka 2009 mtafiti Kory Floyd na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio ambalo sehemu ya washiriki 52 waliambiwa waongeze kubusiana na wenzi wao kwa wiki 6. Walioongeza walieleza kwamba msongo wao umepungua na uhusiano wao umewaridhisha zaidi, na hata kolesteroli katika damu yao ilishuka. Nikisoma matokeo kama hayo sifikirii kolesteroli. Nafikiria wale watu, wiki sita, wakikumbushana kila jioni: hatujabusiana leo.

Kitu kimoja huua busu la ndoa kimyakimya. Likifika mahali kila busu refu lina maana ya kuitana kitandani, yule aliyechoka ataanza kuyakwepa yote, hata yale aliyoyatamani. Wekeaneni ahadi kwamba yapo mabusu yanayoishia kwenye busu. Dakika kumi kwenye kochi, nguo zote mwilini, kama siku zile za uchumba. Mkishaaminiana hapo, yaliyofifia hurudi bila kusukumwa.

Mpenzi wangu habusu ninavyopenda. Nimwambieje bila kumuumiza?

Usimwambie kwa kumkosoa wakati midomo bado imelowa. Mwonyeshe. "Ngoja, leo nibusu mimi, wewe tulia," kisha umbusu kwa namna unayotaka kubusiwa. Akipatia, mjulishe pale pale, kwa sauti au kwa kumvuta. Sifa ya papo hapo inafundisha haraka kuliko hotuba. Baadaye, siku nyingine mkiwa mmekaa tu, unaweza kusema, "Ukinibusu taratibu, nalegea." Hiyo ni habari, naye ataishika.

Kuwa tayari kusikia yako pia.

Busu letu la kwanza lilikuwa baya. Ni ishara kwamba hatufai?

Si lazima. Harufu na ladha ya mtu zina uzito, na wakati mwingine mwili hukataa hata moyo ukiwa umekubali. Hilo likitokea mara ya pili na ya tatu, usijilazimishe. Lakini busu la kwanza mara nyingi huharibiwa na woga, meno kugongana, au mmoja kutaka kuonyesha ufundi. Woga huisha. Jipeni jioni nyingine, mahali pasipo na macho ya watu, bila haraka.

Ni kweli tunapeana bakteria? Na magonjwa je?

Kweli kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichunguza jozi 21 za wapenzi. Katika kila jozi mmoja alikunywa kinywaji cha mtindi chenye bakteria wanaotambulika, kisha wakabusiana. Walikadiria kwamba denda la sekunde 10 linaweza kuhamisha hadi bakteria milioni 80. Namba hiyo isikutishe, wengi wao hawana madhara, na watafiti haohao waliona kwamba wapenzi wanafanana bakteria wa ulimini kuliko watu wasiojuana. Mmekuwa mwili mmoja hata katika hilo.

Yapo ya kuangalia kwa makini, hata hivyo. Malengelenge ya midomoni husababishwa na virusi vya hepesi aina ya kwanza, ambavyo karibu theluthi mbili ya watu duniani walio chini ya miaka 50 wanavyo, wengi bila dalili. Yakitokea, au ukihisi mwasho na kuchoma kunakotangulia kidonda, acha kubusu mpaka pakauke na ngozi ipone. Na kamwe usimbusu mtoto mchanga ukiwa nayo, kwake yanaweza kuua. Virusi vya Epstein-Barr huenea kwa mate na huleta homa, koo kuuma, tezi za shingo kuvimba na uchovu wa wiki kadhaa, na kwa lugha nyingi umeitwa ugonjwa wa busu. Mafua na korona havihitaji maelezo.

VVU haviambukizwi kwa mate. Hatari kwenye denda huwepo pale tu wote wawili wana vidonda au fizi zinazotoka damu na damu ikachanganyika, na hilo ni nadra mno. Kwa hiyo usimnyime mtu busu lako kwa hofu hiyo.

La mwisho, mzio. Mwenye mzio mkali wa karanga anaweza kudhurika na midomo ya mtu aliyetoka kuzila. Mswaki peke yake hautoshi. Kula kitu kingine na acha saa kadhaa zipite, au bora zaidi, usile kabisa siku mtakayokutana.

Je, watu wote duniani hubusiana mdomoni?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Mwaka 2015 mtafiti William Jankowiak na wenzake walipitia maelezo ya jamii 168 wakakuta busu la kimapenzi la mdomoni katika jamii 77, yaani asilimia 46. Kwingine watu hupendana kwa kunusana, kwa kugusanisha pua na mashavu, kwa kupumuliana. Kwa hiyo ukikutana na mpenzi asiyelizoea busu la mdomo, usimhesabie kuwa hana mahaba. Muulize yeye wanaonyeshanaje.

Busu lenyewe ni la kale. Mabamba ya udongo ya Mesopotamia, eneo la Iraki ya leo, yaliyoandikwa karibu mwaka 2500 kabla ya Kristo yanalitaja. Miaka 4,500 baadaye sisi bado tunaona haya kuliulizia.

Busu refu kuliko yote lilikuwa la muda gani?

Saa 58, dakika 35 na sekunde 58. Liliwekwa na wanandoa wa Thailand huko Pattaya mwaka 2013. Shindano la namna hiyo limeshafutwa kwenye vitabu vya rekodi kwa sababu ya hatari ya kukosa usingizi. Nawapongeza, ila sitamani. Busu linanoga kwa sababu linakatika, mnatazamana, na mnaamua upya.

Tukigombana, nimbusu tuyamalize?

Busu lisitumike kumfunga mtu mdomo. Aliyeumia akibusiwa kabla hajasikilizwa, anabaki na maneno yake kooni na midomo yako juu yake, na hayo mawili hayakai pamoja. Zungumzeni kwanza. Ukishamwelewa na yeye akajua umemwelewa, anza mbali na mdomo. Mkono wake. Kipaji. Mwache yeye alete midomo akiwa tayari. Busu hilo huwa na ladha ya chumvi kidogo ya machozi, na mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa matamu kuliko yote niliyowahi kuyapata.

Mpenzi wangu yuko mbali. Tufanyeje?

Msidharau busu la simu. Lifanyeni la sauti, polepole, mdomo karibu na simu, na mseme linakwenda wapi. "Hili la jicho la kushoto." Mwandikie ujumbe wa jinsi utakavyombusu, mwendo wake wote, kuanzia unavyomwona kwa mbali hadi unavyosimama mbele yake. Tuma nusu leo. Nusu nyingine kesho usiku.

Na siku mkikutana, msiruke hatua. Mume wangu aliwahi kusafiri miezi minne. Nilimngoja nikidhani nitamrukia. Aliposimama mbele yangu nikajikuta nimeweka pua shingoni pake, pale kola inapoishia, nimevuta pumzi mpaka mwisho. Bado alikuwa ananuka yeye. Akacheka taratibu, nikausikia mtikisiko wa kicheko kwenye koo lake kwa midomo yangu, na tukakaa hivyo, hatujabusiana bado.